Kumfuata mume au mke ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu wa Mombasa aliyeoa au kuolewa na raia wa nchi nyingine, au yuko mbioni, na anataka kuhamia kwa mwenzake. Nchi zinazotajwa zaidi ni Marekani, Uingereza, Ujerumani na Kanada kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi. Ada na viwango vya mapato hupanda kila baada ya muda, kwa hivyo kabla hujalipa hata shilingi, fungua tovuti ya serikali ya nchi yenyewe uhakikishe.

Nikishaolewa na raia, si nami nakuwa raia?

La. Ndoa inakupa haki ya kuomba tu. Kwanza unaomba visa, kisha kibali cha kukaa, kisha ukaaji wa kudumu, na uraia ndio wa mwisho. Marekani, aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya kuwa na kadi ya kijani (green card, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu), ikiwa muda huo wote wameishi pamoja kama mume na mke. Asiye na ndoa hiyo husubiri 5. Ujerumani nako kwa kawaida ni miaka 3 ya kuishi nchini, na ndoa iwe imefikisha angalau miaka 2. Uingereza huchukua miaka 5 hadi ukaaji wa kudumu, na baada ya hapo mwenye ndoa na raia hahitaji kungoja mwaka mzima zaidi kama wengine ndipo aombe uraia.

Tufunge ndoa hapa au tukaifunge kwao?

Ushauri wangu: fungeni hapa, kama hakuna kinachozuia. Wazazi wapo, gharama ni nafuu, na ukiomba visa ukiwa tayari mke au mume, njia yako imenyooka zaidi.

Wanaoenda Marekani huuliza sana kuhusu visa ya uchumba, K-1. Hiyo inataka muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kupeleka ombi, na ukishatua una siku 90 za kufunga ndoa na huyo huyo aliyekuombea, si mwingine. Baada ya harusi mnaanza upya kuomba kadi ya kijani, na ada nyingine juu. Aliyeomba kama mke au mume anaingia akiwa mkaazi tangu siku ya kwanza na anaweza kufanya kazi. Uingereza nayo ina visa ya uchumba ya miezi 6, lakini huruhusiwi kufanya kazi mpaka mfunge ndoa na mbadilishe visa.

Mwenzangu mgeni alete nini ili tufunge ndoa Mombasa?

Pasipoti, idhini ya kuingia nchini ya kielektroniki (iliyochukua nafasi ya visa ya Kenya tangu Januari 2024), na cheti kutoka kwao kinachothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa. Kama aliwahi kuoa, alete hukumu ya talaka iliyokamilika au cheti cha kifo cha mwenza wa kwanza. Karatasi ikiwa kwa Kijerumani au Kiitaliano, itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika.

Ndoa ya serikali, ile ambayo wazee bado wanaiita ya kwa DC, inahitaji ilani ya siku 21 kwa Msajili wa Ndoa. Leseni maalumu ipo kwa wenye haraka, na ina ada yake. Tatizo linalojirudia ni la mgeni anayekuja likizo ya wiki mbili akidhani atashuka Moi International na Ijumaa ifuatayo awe na cheti mkononi.

Kwa nikaha, ikiwa bwana harusi amesilimu, awe na hati ya kusilimu. Mahakama ya Kadhi inashughulikia ndoa na talaka za Waislamu tu, kwa hivyo karatasi hiyo itatakiwa mapema.

Tulifunga nikaha msikitini. Itatambuliwa ubalozini?

Itatambuliwa ikiwa imesajiliwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Karatasi aliyoandika imamu wa mtaa kwa mkono wake, hata ikiwa na muhuri wa msikiti, haitoshi. Lazima iwe cheti kilichotolewa na Kadhi au aliyepewa idhini na Msajili.

Ila nikaha zetu zina jambo ambalo watu wengi hawaliwazii mpaka liwafike. Hapa mjini, bwana harusi huwa msikitini na wanaume, bi harusi yuko nyumbani na wanawake. Khutba inasomwa, walii anamshika mkono bwana harusi, ijabu na kabuli (huyu anaoza, yule anakubali), mashahidi wanaweka saini, halua na kahawa zinapita, kisha bwana harusi anasindikizwa kwa kina bi harusi kwenda kupa mkono. Kidini na kwa sheria ya Kenya, ndoa imetimia. Lakini afisa anayefungua faili lenu anaona picha za wanaume waliovaa kanzu, na mwanamke hamwoni hata kwa dawa. Swali lake la kwanza ni: huyu mke alikuwa wapi?

Si udadisi wa bure. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiihesabu ndoa ambayo waoaji hawakuwa mbele ya kila mmoja wakati wa kuifunga, isipokuwa wamekutana kimwili kama mume na mke baada ya hapo. Kanada, tangu Juni 2015, haikubali maombi ya ndoa ambayo mmoja wao hakuwepo mwenyewe kwenye shughuli.

La kufanya ni rahisi likifanywa mapema. Zungumzeni na sheikh ili nikaha isomewe nyumbani au ukumbini, bi harusi akiwepo au akiwa chumba cha pili, aje aweke saini yake mbele ya mumewe na mashahidi. Kuwepo kwake hakuvunji kitu. Walii bado ni walii. Wa Kanada asiridhike na chumba cha pili: bi harusi awe pale pale. Pigeni picha ya hiyo saini. Kama nikaha ilishapita kwa mtindo wa kawaida, kusanyeni ushahidi wa siku zilizofuata harusi, kama vile risiti za hoteli, picha za fungate zenye tarehe, na mihuri ya pasipoti inayoonyesha alikuwa bado nchini.

Je, nikaha ya simu au ya video?

Usijaribu kuitumia kuombea visa.

Majina yangu hayalingani kwenye vyeti. Ni tatizo?

Ni tatizo, na hapa Pwani ndilo linalochelewesha maombi kuliko mapenzi yenyewe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma binti Mohamed Ali, kitambulisho kinasema Fatma Mohammed, pasipoti imeongeza jina la babu, na cheti cha nikaha kimeandikwa Fatma M. Ali kwa sababu karani alikuwa na haraka. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa aliye Nairobi au Sheffield kule Uingereza, hao wanaweza kuwa wanne.

Anza na pasipoti, kwa sababu ndiyo itakayobeba visa, halafu linganisha kila karatasi nayo. Tofauti ndogo ya herufi huelezwa kwa hati ya kiapo iliyowekwa sahihi mbele ya wakili. Ikiwa jina zima ni jingine, unahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Waliozaliwa nyumbani na hawakuandikishwa wafanye usajili wa kuchelewa sasa hivi, wasingoje faili lifunguliwe.

Jambo la kusimamia siku ile ile ya ndoa: kabla karani hajapiga muhuri, soma cheti herufi kwa herufi pasipoti zote mbili zikiwa wazi mbele yako. Usione haya. Shangazi wataguna kwamba unachelewesha pilau, waache wagune. Angalia pia hali ya ndoa iliyoandikwa. Mtaliki akiandikwa hajawahi kuolewa, na kwingineko kwenye faili pana cheti cha talaka, umeshajiwekea swali.

Ushahidi wa kwamba ndoa ni ya kweli ni upi?

Ule unaojitokeza wenyewe katika maisha. Mazungumzo ya WhatsApp ya muda mrefu (kurasa chache za kila mwezi, si gunia zima), tiketi za ndege na mihuri, risiti za kutumiana pesa, picha mkiwa na familia za pande zote mbili. Picha hamsini za siku moja zina uzito mdogo kuliko picha kumi za nyakati tofauti. Kama mwenzako alikuja kwenye posa, au alihudhuria matanga ya babu yako, picha hiyo ina thamani kubwa kuliko ya harusi, maana hakuna anayepanga msiba ili apate visa.

Mahojiano hayafuati karatasi ya majibu. Utaulizwa mlikutana wapi, anafanya kazi gani, anaishi na nani, aliwahi kuoa mara ngapi, nani wa kwenu alikuwepo harusini. Msikariri pamoja. Mume na mke wa kweli hutofautiana katika mambo madogo, na kama hujui kitu sema hujui. Ila usijue kazi yake wala majina ya watoto wake wa kwanza? Hapo hata mimi ningesitasita.

Amenizidi umri sana. Watatukatalia?

Umri peke yake haukatazi, mradi wote mmetimiza miaka 18. Lakini tofauti ya miaka thelathini, harusi ya haraka baada ya likizo moja Mtwapa na lugha mnayoelewana nusu nusu, vyote pamoja, vitafanya faili lisomwe mara mbili. Jibu lake ni muda. Aje tena, nawe uwe na historia ya kuonyesha.

Mwenzangu anatakiwa awe na pesa kiasi gani?

Uingereza ndiyo iliyo kali. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mwenza aliye huko lazima awe na mapato ya angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Asiye na mapato hayo anaweza kutumia akiba, na kwa akiba pekee ni pauni 88,500. Juu ya ada ya visa kuna mchango wa afya wa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa, unaolipwa wote mara moja mbele. Visa ya kwanza ikiombwa kutoka nje ni ya miezi 33. Piga hesabu hiyo pamoja naye kabla hamjachapisha kadi za harusi.

Marekani, mwenza anajaza fomu I-864 kuahidi kukutunza, na mapato yake yafikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali yao kulingana na ukubwa wa familia. Asipofikia, ndugu au rafiki anayeishi huko, aliye raia au mkaazi wa kudumu, anaweza kudhamini pamoja naye. Kanada kwa kawaida haina kima cha chini kwa mume au mke, ila mdhamini anafungwa na ahadi ya miaka 3. Ujerumani, kwa mwenza wa raia wao, mapato kwa kawaida si kikwazo. Kikwazo chao ni lugha.

Lazima nijue lugha yao?

Ujerumani, ndiyo, kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, kabla ya visa. Cheti kiwe cha Goethe-Institut au taasisi nyingine inayotambuliwa. Cha shule ya mtaani, hata kiwe na fremu ya dhahabu, hakikubaliwi. Kusomea Mombasa hakuna shida. Mtihani una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na za kupita ni alama 60 kwa 100. Waliozoea kuzungumza na watalii ufukweni huanguka kwenye kuandika, kwa hivyo msijiamini kwa sababu ya *wie geht's* (habari yako).

Uingereza inataka Kiingereza cha A1 kuanzia, A2 ukiongeza muda, na B1 kwa ukaaji wa kudumu. Kenya haimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa mtihani, hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wa shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuepuka mtihani baada ya shahada hiyo kuthibitishwa huko. Marekani na Kanada hawaulizi lugha katika hatua hii.

Yote haya yanafanyika Mombasa?

Sehemu. Cheti cha tabia njema unakiomba kupitia eCitizen na kuwekwa alama za vidole Huduma Centre. Ada yake ni shilingi 1,050. Marekani na Kanada wanakitaka. Saiba yoyote itakujazia fomu, lakini nenosiri na barua pepe viwe vyako, si vya yule kijana wa saiba. Wako waliopoteza miezi wakimtafuta mtu aliyehamia Malindi na nenosiri lao.

Ubalozi na vipimo vya afya ni Nairobi. Kipimo cha kifua kikuu kwa wanaokwenda Uingereza hufanywa na kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), na cheti chake kinadumu miezi 6, usikikimbilie mapema mno. Ujerumani huweza pia kutuma vyeti vyako vya Kenya vikachunguzwe vilikotoka kabla ya kuviamini, na hilo hula muda na pesa. Panga safari kwa treni ya usiku au basi, ila usifike asubuhi ya mahojiano yenyewe. Fika jana yake ulale.

Mimi ni mke wa pili. Anaweza kunichukua?

Hapana, akiwa bado na wa kwanza. Sheria ya Kenya inaruhusu ndoa za Kiislamu na za kimila kuwa za wake zaidi ya mmoja, lakini Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani hazitoi visa ya mke wa pili. Na kama mume alikuambia kwamba ile ndoa ya kwanza “ni makaratasi tu”, basi hayo makaratasi ndiyo yanayokuzuia. Mwambie akuonyeshe hukumu ya talaka.

Nina mtoto wa kabla. Naye anakuja?

Anaweza, lakini usimchukulie kama mzigo wa kupachika mwisho. Kwa raia wa Marekani, kila mtoto anaombewa kwa fomu yake, na mtoto wa kambo anahesabika ikiwa ndoa yenu ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Kwingine pia anaingia kwa ombi lake. Mara nyingi mzazi wa pili hutakiwa kutoa idhini ya maandishi, na akikataa au hajulikani alipo, huenda ukahitaji amri ya mahakama inayokupa malezi. Lianze hilo mapema, kwa utulivu. Baba aliyesusa miaka kumi huamka ghafla akisikia neno Canada.

Kuna mtu anasema atanitafutia mume wa makaratasi kwa malipo. Ni sawa?

Si sawa. Marekani, ndoa ya kudanganya uhamiaji ni kosa la jinai lenye kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na aliyepatikana nalo hawezi tena kuombewa na mume wa kweli atakayempata baadaye. Mlango unafungwa moja kwa moja. Tena anayekuambia umpe pasipoti yako aihifadhi, au kwamba “mume” utamjua ukishafika, huenda hakuuzii ndoa kabisa. Kenya ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu tangu 2010. Nenda polisi, au angalau mwambie mtu wa kwenu jina lake na namba yake.

Nikifika halafu ananipiga, au ndoa ikivunjika, nitarudishwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kwa niaba ya “rafiki”. Ujerumani, haki yako ya kukaa peke yako huanza baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja huko, lakini muda huo husamehewa penye mateso kama vile kupigwa. Marekani, anayeteswa na mume raia anaweza kujiombea mwenyewe bila mume kujua. Uingereza ina utaratibu maalumu kwa wenye visa ya ndoa wanaokimbia ukatili. Kanada, tangu 2017, ukaaji wa kudumu hautegemei tena kukaa na mdhamini.

Kwa hivyo mume anayekutisha kwamba “nikipiga simu moja unarudi Likoni” anakudanganya, au yeye mwenyewe hajui sheria. Weka nakala za pasipoti, visa na cheti cha ndoa kwenye barua pepe ambayo yeye hana nenosiri lake, na nakala nyingine kwa mama au dada hapa nyumbani. Fanya hivyo hata kama mume ni malaika.

Wa Marekani akumbuke pia: ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku unayoingia, kadi yako ni ya masharti ya miaka 2, na ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha mnatakiwa kupeleka pamoja fomu I-751 ya kuondoa masharti hayo. Wengi huisahau.

Mwenzangu ni Mtanzania. Ni rahisi zaidi?

Kusafiri ni rahisi, Lunga Lunga unavuka asubuhi na mchana uko Tanga. Uraia ni jambo jingine. Sheria yao inampa mke wa Mtanzania njia ya kuomba uraia, mume mgeni hana njia hiyo hiyo, na Tanzania hairuhusu uraia pacha. Maana yake ni kuacha ule wa Kenya. Wengi hubaki na kibali cha ukaazi.

Na kama yeye ndiye anataka kuhamia Mombasa?

Kwa nini isiwe hivyo? Mwenza wa Mkenya huanza na pasi ya mtegemezi, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 15, inampa haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7. Pasi ya mtegemezi haimruhusu kuajiriwa. Kwa kazi anahitaji kibali.

Nikipata uraia wa huko, nitapoteza wa Kenya? Na watoto?

Aliye raia wa Kenya kwa kuzaliwa haupotezi kwa kupata mwingine. Kifungu cha 16 cha Katiba kinasema hivyo. Unachotakiwa ni kutangaza uraia wako wa pili kwa idara ya Uhamiaji ndani ya miezi 3 tangu uupate, na kutofanya hivyo ni kosa. Watoto ni Wakenya ikiwa baba au mama ni Mkenya, popote walipozaliwa. Waandikishe ubalozi wa Kenya wakiwa wadogo, cheti cha kuzaliwa cha huko na pasipoti yako zikiwa zimeandikwa jina lile lile.